Kuficha Kolamu Sio Kufunga Mlango: Yaliyomkuta Dada Mmoja wa Kikole

Wadau, leo hatuongelei nani kaachana na nani. Leo ni faili. Lile faili la kazini ambalo linki yake ilitupwa kwenye grupu la WhatsApp, bosi akaandika "kila mtu ajaze sehemu yake", na wewe ukajaza fasta bila kujiuliza nani mwingine anaona. Usicheke. Kuna mtu posa yake imekwama kwa ajili ya faili kama hilo.

Jina kapuni, na ofisi kapuni. Nitasema tu ni sehemu ya kupokea wageni pale Kilwa Masoko, nilipopiga kazi misimu miwili. Huyo dada alikuwa mapokezi, kwao ni Kikole, hukohuko wilayani Kilwa. Mchapakazi, hana makuu. Mtalii na dereva wa bodaboda wote anawapokea kwa heshima ileile. Mshahara wake ulikuwa unamjengea mama yake nyumba ya bati kijijini.

Sasa faili lenyewe. Lilikuwa Google Sheets: majina, namba za simu, namba za NIDA, mshahara, makato ya mkopo, na mwisho kabisa kolamu ya "sababu ya ruhusa". Mtu wa utumishi alijiona mjanja. Kolamu za mshahara na za sababu akazificha, akaweka na kizuizi mtu asibadilishe kitu. Akalala usingizi.

Kumbe hapo ndo wengi tunapigwa. Kuficha ni kupunguza uchafu machoni tu. Na kile kizuizi kinamzuia mtu kuandika, hakimzuii kuchukua. Ukiwa na ruhusa ya kuliona faili, na mwenye nalo hajazima kunakili, unatengeneza nakala yako. Kwenye nakala wewe ndiye mwenye mali. Unafunua unachotaka. Huhitaji kuwa haka. Kijana wa stoo alifanya hivyo kwa simu ya kawaida, tena saa ya chai. Akapiga skrinishoti moja, akamtumia mshikaji wake mmoja.

Skrinishoti moja tu wadau. Kufika jioni watu wanajua nani anadaiwa, nani anamzidi nani mshahara, na kwenye mstari wa yule dada: "kliniki, kila mwezi".

Maneno hayo matatu hayasemi ugonjwa wowote. Lakini umbea hauhitaji sentensi kamili, nafasi iliyobaki unaijaza wenyewe. Na pwani ya kusini kila mtu ni ndugu wa mtu. Habari ikafika Kikole kabla yeye mwenyewe hajaenda likizo. Shangazi yake akampigia simu. Salamu zikaisha haraka:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie mimi kama mzazi wako, hiyo kliniki ya kila mwezi ni ya nini? Upande wa mwanaume wanauliza."

Mnataka kujua ilikuwa ya nini? Mimi najua, aliniambia. Siwaambii. Haiwahusu, kama ambavyo haikumhusu kijana wa stoo, wala shangazi, wala wakwe watarajiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba upande wa mwanaume waliomba "wajipange kwanza", na mpaka leo bado wanajipanga. Dada aliacha kazi, yuko Dar anaanza upya.

Watu wakaanza kujitetea: "Kwani kuna siri gani? Sisi ni familia moja. Uwazi ni mzuri." Hapa naomba tuelewane, maana Kikole yenyewe inatufundisha. Ni kijiji kinachojulikana kwa kusimamia msitu wake wenye mpingo. Hela ya msitu wa kijiji ni ya wanakijiji wote, kwa hiyo mapato na matumizi yake yanatakiwa yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mzee yeyote ana haki ya kusimama na kuuliza. Huo ndio uwazi. Lakini hakuna mwenyekiti anayesimama pale akasoma cheti cha hospitali cha mtu. Mali ya wote inasomwa mbele ya wote. Mwili wa mtu na mfuko wake ni vyake.

Fikiria hata msimu wa ufuta au korosho. Bei ya mnada kutangazwa ni sawa, inamlinda mkulima. Ila orodha yenye jina, simu na kiasi alichoingiziwa ikianza kuzunguka, wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanakuwa wameandaliwa meza.

Na hili sio suala la ustaarabu tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zinahesabika kuwa nyeti. Kuna Tume yake kabisa, ilizinduliwa Aprili 2024, na mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Majirani Kenya hawatanii: Septemba 2023 mdhibiti wao aliipiga faini klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi, shilingi 1,850,000 za kwao, kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Kama picha ya mtu anayekula bata ina bei hiyo, kliniki ya mtu je?

Dawa yake wala haihitaji programu ya bei mbaya. Mambo ya mshahara na afya yakae kwenye faili lake peke yake, sio kolamu iliyofichwa ndani ya faili la wote. Linki isiwe ya "yeyote mwenye nayo", iwe ya majina yanayojulikana. Anayeacha kazi aondolewe siku hiyohiyo. Na kwenye sababu ya ruhusa andika "ruhusa imekubaliwa". Basi. Kisichoandikwa hakivuji.

Swali sio "tunamwamini nani?", maana wote pale tuliaminiana. Swali ni "nani anahitaji kuona hiki ili afanye kazi yake?" Kijana wa stoo anahitaji idadi ya mashuka.

Kazini kwenu ikoje? Nenda kalifungue lile faili, angalia nani wanaliona, halafu njoo utuambie. Majina yabaki kapuni.