Ng'ombe Si Mbwa

Mimi niliua ng'ombe kwa kusoma karatasi vibaya.

Alikuwa ng'ombe wa shangazi, kule Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Maziwa yake yalipanda baiskeli kila alfajiri, hela zikarudi zikawa ada yangu. Basi nilipokwenda likizo kutoka chuo cha mifugo nikamkuta amekonda, maziwa nusu, uvimbe laini unaning'inia chini ya taya, nikaona zamu yangu ya kulipa imefika.

Nikavuta damu, nikaipeleka maabara. Majibu yalipotoka, macho yakakimbilia ALT. Ndiyo niliyoizoea kwa mbwa: seli za ini zikiumia, ALT inapanda. Hapa ilikuwa chini.

“Shangazi, ini zima kabisa. Mwongezee pumba.”

“Wewe ndiye msomi, mwanangu.”

Wiki ya tatu ng'ombe alilala, kuamka hawezi. Akachinjwa. Mchinjaji akapasua ini mbele yetu: mirija ya nyongo imekakamaa kama bomba, ndani minyoo bapa, kama vijani.

“Huyu kala majani ya bondeni, kwenye konokono,” akasema. Yeye hakuwa na karatasi.

Usiku nikaisoma upya. ALT kwenye ini la ng'ombe ni kidogo mno, haikwambii kitu. Kwa ng'ombe unatazama GLDH, inayovuja seli za ini zinapoumia, na GGT, inayopanda mirija ya nyongo inapochubuliwa. AST nayo hupanda, ila hutoka hata kwenye misuli. Ng'ombe aliyelala siku mbili aweza kukudanganya. Na GGT ilikuwepo pale pale, mstari wa tatu, imevuka kiwango mara nne. Chini yake albumini, imeshuka: ndiyo siri ya ule uvimbe wa taya. Dawa ya minyoo hiyo ipo. Mimi nilikwisha kunja karatasi.

Asubuhi nikamfuata shangazi jikoni. “Shikamoo, shangazi. Kosa ni langu.”

“Marahaba.” Aliendelea kuchambua mchele. “Mwezi ule wa kiangazi nilikuwa namkatia majani bondeni. Mbona hukuniuliza?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ila siku hizi nikifika zizini kwa mtu, sindano hukaa mfukoni kwanza. Naanza na lile swali la shangazi: majani mnakata wapi?