Jembe la Shule

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka uliopangwa na Azimio la Musoma kuwa kila mtoto wa Tanzania awe shuleni. Kijijini kwetu, wilaya ya Kwimba, tuliingia kama siafu: wa miaka saba, wa kumi na miwili, na mmoja aliyeanza kuota ndevu. Madawati hayakutosha, tukakaa chini. Walimu wengine walikuwa wamemaliza darasa la saba juzi tu, wanajifunza ualimu huku wakitufundisha.

Shule ilikuwa na shamba la pamba. Hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967: mwanafunzi asome na kulima, asijione bora kuliko mzazi wake mkulima, na shule ya msingi imwandae kuishi kijijini badala ya kumtamanisha sekondari ambayo wengi hawataiona. Tuliyakariri hayo kwenye somo la siasa. Lakini aliyechelewa mchakamchaka alipewa adhabu gani? Kulima. Mpiga kelele darasani? Kung'oa visiki. Jembe lililosifiwa asubuhi ndilo lililotuadhibu mchana, na watoto si wajinga: tulijua kulima ni kwa waliokosea.

Wazazi walijua zaidi. Jembe nililikuta nyumbani, baba hakuhitaji kunipeleka shule nikalifuate. Alitaka nikae ofisini, basi.

Mwaka 1983 matokeo ya darasa la saba yalitoka, tukachaguliwa wawili kwenda sekondari, mimi na mtoto wa bwana shamba. Waliobaki wakaitwa waliofeli, ingawa kilichokosekana ni nafasi, si akili. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilimsoma Mfaransa Pierre Bourdieu, anayedai kwamba shule huchukua faida za nyumbani na kuzitangaza kuwa kipaji. Nikaikumbuka taa ya chemli ya bwana shamba, na vitabu vyake. Mimi kidogo ninamharibia hoja, maana kwetu tulisomea moto wa jikoni. Hata hivyo mtoto mmoja wa mkulima aliyepenya alitosha kuwaaminisha wengine wote kwamba kosa ni lao.

Bweni la sekondari lilikuwa jambo jingine. Kitanda changu kilikuwa kati ya Mmakonde na Mhaya, na Kiswahili changu cha Kisukuma walikicheka hadi kikanyooka. Kwa hilo siilaumu shule.

Likizo ya kwanza nilirudi kijijini. Yule wa ndevu, mkubwa kwangu kwa miaka, akaniamkia shikamoo. Nikamkataza. Akacheka, na siku iliyofuata akaniamkia tena.