Nane Nane Katika Hifadhi ya Katavi

Mkipata sikukuu ya siku tatu msikae nyumbani mkilalamika kwamba hakuna pa kwenda. Sisi watu wa Mpanda tunayo Hifadhi ya Katavi karibu na mlango wetu. Wageni husafiri kwa ndege kutoka nchi za mbali ili kuiona, nasi twaipita ndani ya basi la Sumbawanga huku tunasinzia.

Mwaka 2025 Nane Nane iliangukia siku ya Ijumaa. Basi, Jumamosi alfajiri tulipanda gari la kukodi, mimi na mke wangu, watoto wetu watatu, mama yangu mzazi, na kaka yangu ambaye ni mkulima wa mpunga katika bonde la Mto Katuma. Toka Mpanda mpaka Sitalike, penye makao makuu ya hifadhi, ni yapata kilomita 35 tu.

Neno moja juu ya mavazi. Mbung'o wa Katavi ni wengi, nao huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Kaka yangu alikuja na shati lake la buluu la sikukuu, na mpaka jioni mikono yake haikutulia.

Mimi nililetwa hapa kwanza na marehemu baba, nilipokuwa darasa la tatu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1998 ikapanuliwa hata ikafika kilomita za mraba 4,471. Njiani mama aliwasimulia wajukuu habari za jina lake: kwamba wazee wa Kibende husema roho ya Katabi hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka sadaka chini yake. Mdogo wetu aliuliza kama Katabi huumwa na mbung'o. Hakujibiwa.

Twiga tuliwaona, na nyati wengi mno. Lakini twende Ikuu, kwenye daraja la Katuma, maana ndiko tulikokaa muda mrefu.

Wakati wa kiangazi viboko hukusanyika katika madimbwi yaliyobaki. Ngozi ya kiboko haivumilii jua kali. Lazima ashinde majini, na usiku ndipo atoke kula majani. Maji yakipungua hubanana mgongo kwa mgongo, wakilala katika tope na mavi yao wenyewe, na madume hupigana kwa meno mpaka damu. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto. Watoto walicheka kwanza. Kisha walinyamaza.

Nilipokuwa mtoto niliona maji pale. Safari hii niliona zaidi tope. Kiangazi ni kiangazi, nakubali, lakini si jua peke yake. Huko juu, kabla mto haujaingia hifadhini, watu hujenga matuta na kuchepusha maji kwa ajili ya mashamba.

Binti yangu mkubwa akamgeukia kaka yangu: "Baba mkubwa, maji yao yako kwako?"

Kaka hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, wali uliokula jana ulitoka wapi?"

Naona wote wawili walisema kweli. Mkulima hawezi kuambiwa afe njaa ili kiboko aogelee, tena siku yenyewe ni ya wakulima. Lakini mto huu hauishii hifadhini. Maji yake huteremka mpaka Ziwa Rukwa, ambako wako wavuvi wenye watoto kama wetu.

Tulikula kuku na wali wetu mahali paliporuhusiwa kushuka. Wakati wa kurudi kaka alieleza kwamba usiku mifereji mingi huachwa wazi, na maji hupotea bure porini wakati shamba limekwisha kushiba. Hayo, alisema, yangeweza kurudishwa mtoni pasipo mtu kupunguziwa gunia hata moja. Aliahidi kulitoa neno hilo katika kikao cha wamwagiliaji wenzake. Mama akamwambia avae shati jingine siku hiyo, wasije wakamwona mtu wa kujikuna.