Kutoka Kwenye Uzio Hadi Barabarani

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 2013, familia ya Richard ya mtaa wa Dorchester ilikwenda katikati ya jiji la Boston kutazama marathoni. Walikuwa watano: baba, mama, kifungua mimba Henry, Martin wa miaka 8, na kitinda mimba Jane. Walitazama kidogo, wakaenda kula aiskrimu, kisha wakarudi kusimama kwenye uzio wa barabara ya Boylston, karibu na mstari wa kumalizia.

Saa 8:49 mchana bomu la kwanza likalipuka. Sekunde chache baadaye likalipuka la pili, hapo walipokuwa.

Martin hakurudi nyumbani. Jane alipoteza mguu, mama akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, baba akaumia masikio. Siku hiyo walikufa watu 3, na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Ulimwengu ulimjua Martin kwa picha moja: mtoto ameshika bango aliloliandika mwenyewe, akiwaomba watu waache kuumizana, pamoja na neno amani.

Wakimbiaji nao waliubeba msiba huo. Mwezi Juni, Lelisa Desisa wa Ethiopia, aliyeshinda siku ile, alirudi Boston na kuikabidhi medali yake kwa wakazi wa jiji. Mwaka 2014 akashinda Meb Keflezighi, Mmarekani mzaliwa wa Eritrea. Kwenye pembe za namba yake ya kifuani alikuwa ameandika kwa kalamu majina ya waliouawa, na la Martin likiwemo. Maandishi madogo, ya mkono, lakini yalikwenda naye kilomita zote 42.

Mwaka huohuo wazazi wa Martin walianzisha taasisi ya hisani kwa jina la mtoto wao, nayo ikaunda timu ya wakimbiaji iitwayo MR8: herufi za kwanza za majina yake mawili, na namba 8. Boston si mbio za kujiandikisha tu. Wengi huingia kwa kutimiza muda uliowekwa, katika marathoni nyingine. Taasisi za hisani hupewa nafasi chache, na anayekimbia kupitia nafasi hizo hufanya harambee yake mwenyewe kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Kwa hiyo jina la Martin lilitajwa kwenye meza za watu ambao hawakuwahi kumwona.

Jambo linalogusa zaidi lilikuja Aprili 2015. Kesi ya mmoja wa waliotega mabomu ikiendelea, wazazi hao waliandika katika gazeti la Boston Globe wakiiomba serikali isidai adhabu ya kifo, kwa kuwa rufaa za miaka na miaka zingewarudisha kila mara kwenye siku ile. Wenye kidonda ndio waliosema hivyo. Ni vigumu kuyasoma maneno yao bila kulikumbuka lile bango.

Mwaka 2018 Meb alirudi, safari hii akikimbia katika timu ya MR8. Mwaka 2019 ukafunguliwa uwanja wa kuchezea watoto wenye jina la Martin, kando ya makumbusho ya watoto. Una meli ya kuchezea, na umejengwa ili hata mtoto wa kiti cha magurudumu acheze na wenzake.

Na Henry? Boston hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kukimbia, basi akangoja. Aprili 2022, siku ambayo Wakenya walikuwa wakiwashangilia Evans Chebet na Peres Jepchirchir kwa ushindi wao, kijana huyo wa miaka 20 alitoka Hopkinton, mbio zinakoanzia, pamoja na maelfu ya wengine. Zaidi ya saa 4 baadaye aliingia Boylston akiwa katika timu ya mdogo wake, akapita mahali pale waliposimama mwaka 2013, akauvuka mstari. Baba, mama na Jane walikuwa wakimngoja, wakamkumbatia.