Sukari Iliyofungwa Ndani ya Mabua

Katika kumbukumbu za mwandishi, pumba za mpunga hapo Michenga na kwingineko Ifakara zilikuwa kero kabla hazijawa bidhaa: zilirundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, zikatiwa moto uliofukuta kwa siku kadhaa, na aliyezitaka alijichotea bure. Wachoma matofali ndio waliozipa thamani, kisha kule Mngeta shamba kubwa la Kilombero Plantations likafunga mtambo wa kugeuza pumba kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Kidatu, ambako sukari imetengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, makapi ya miwa yalikwishazoeleka kuwa kuni za boila. Mabadiliko hayo yote, hata hivyo, yaliishia motoni.

Mabua ya mpunga, kama pumba, yana zaidi ya kuni ndani yake: theluthi moja hivi ya uzito wake, pengine zaidi, ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi, ambayo ni sukari sahili. Mwaka 1819 Henri Braconnot, mkemia wa Ufaransa, alipata sukari kutokana na vitambaa vikuukuu vya kitani alivyovitia tindikali ya salfuriki, kwa hiyo wazo lenyewe si geni hata kidogo. Kikwazo ni kwamba selulosi ya mmea imezingirwa na hemiselulosi, ambayo ni sukari za aina nyingine zilizoungana, na kushikamanishwa na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, na mpunga, kana kwamba hayo hayatoshi, huongeza silika. Ndiyo maana mabua hutayarishwa kwanza, ama kwa mvuke wa shinikizo kubwa unaoachiliwa ghafla ukayapasua, ama kwa tindikali hafifu, ama kwa magadi makali yanayoyeyusha lignini, ndipo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha uvunjaji, viifikie selulosi na kuikata vipande. Hatua hiyo ina gharama, na si ajabu kwamba spiriti inayotengenezwa Kidatu hutokana na molasi, ambayo sukari yake imekwisha kuwa huru.

Kwa bonde la Kilombero, kiwanda cha kuvunja selulosi kilicho karibu zaidi ni tumbo la ng'ombe, nalo pia husaidiwa mabua yakitayarishwa kwanza. Kilo 4 za urea zilizoyeyushwa katika maji, zikanyunyizwa kwenye kilo 100 za mabua makavu yakafunikwa kwa turubai yasipitishe hewa kwa wiki 3 hivi, hutoa amonia inayolegeza lignini, na mfugaji wa Michenga anaweza kuanza na mavuno yajayo.