Uso wa Redio ya Peugeot

Kanisani kwetu mtu akisimama kutoa ushuhuda, watu hukaa tayari kusikia habari za pombe, deni au ugonjwa. Wangu ni wa kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani. Naomba mnivumilie.

Mimi ni mtu wa stika. Kibanda changu kiko Mwiki, ile ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, si ile ya Kasarani, ingawa wageni huzichanganya kila siku. Kwa miaka mingi riziki yangu imetoka kwenye matatu: majina ya wachezaji, mistari ya Biblia, sura za wanamuziki, na ule mstari wa manjano tulioletewa mwaka 2004 na sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Katika kazi hiyo herufi ni pambo. Nafasi ikizidi unainyoosha, ikibana unaifinya. Namba nazo ni hivyo hivyo, maana hakuna abiria atakayekuja na rula. Nami nilikuwa mtu wa kung'arisha. Kitu kikizeeka, dawa yake niliyoijua ilikuwa kukivua na kukivisha kipya.

Jirani yangu mmoja, mzee, ana Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Vijana wa leo huenda wasijue hadhi ya gari hilo hapa Kenya. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa ile ya coupé. Kabla yake 404 ilikuwa imeshinda mara nne katika miaka ya 1960. Lakini mzee hakuipenda kwa sababu ya mashindano. Yeye aliendesha za abiria, Nairobi hadi Nakuru na Kisumu, enzi ambazo mtu wa Peugeot alimtazama mtu wa basi kwa huruma.

Kwenye dashibodi kulikuwa na redio ya Blaupunkt ya miaka ya 1970. Kampuni hiyo ya Ujerumani ndiyo iliyotoa redio ya kwanza ya gari barani Ulaya, mwaka 1932. Ya mzee ilikuwa ingali inaimba vizuri. Kilichokufa ni uso wake. Kuna mtu aliyekuwa ameifungua akapangusa plastiki kwa petroli, pande zote mbili, na nusu ya namba zikaenda na kitambaa.

"Kijana," mzee akaniambia, "wewe ni mtu wa maandishi. Hebu niandikie."

"Mzee, kwa nini usiweke ya skrini? Ina Bluetooth na kamera ya nyuma."

"Kamera ya nyuma ya kazi gani? Shingo yangu bado inageuka."

Nikaichukua. Uso wa redio kama hiyo ni plastiki angavu, na namba huchapwa upande wa nyuma, ule usioguswa na kidole. Globu hukaa pembeni, mwanga wake ukapenya ndani ya plastiki kutoka ukingoni, na popote unapokutana na wino namba huwaka. Kwa bahati mbaya mwanga huo hauchagui. Mkwaruzo wowote ulio mbele nao huwaka, ndiyo maana redio nzuri mchana huonekana usiku kama imechapwa fimbo.

Upande wa mbele haukunisumbua: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha Brasso kwa kitambaa laini, taratibu, maana plastiki ikipata joto la kusuguliwa hufifia. Nyuma sikubandika hata utepe wa kukinga, kwa sababu gundi yake hung'oa herufi zilizobaki.

Shida ilikuwa zile namba zilizofutika. Kwenye kompyuta ningezipanga kwa dakika chache, kwa nafasi sawa, zikapendeza. Fundi wa redio wa Luthuli Avenue, Nairobi, ndiye aliyenizuia. Alinifungulia mtambo akanionyesha. Redio nyingi za nyumbani za zamani hutafuta kituo kwa vibati vinavyozunguka, lakini gari hutikisika, na vibati vikitikisika kituo nacho hutikisika. Kwa hiyo kwenye gari waliweka kijiti cha feraiti kinachoingia na kutoka ndani ya koili, na sindano ya redio hutembea pamoja nacho. Mwendo wa kijiti na kupanda kwa masafa havilingani hatua kwa hatua. Hivyo namba huachana upande mmoja na kusongamana upande mwingine, na hakuna jicho la mchoraji linaloweza kukisia. "Ukizipanga vizuri," akasema, "zitadanganya."

Hapo ndipo nilipobadilika. Maisha yangu yote nilikuwa nimeandika namba bila hata moja kuwa na kitu cha kujibia.

Wala tusiende mbali kutafuta namba zinazodanganya. Magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani huja na redio za huko, zinazoanzia megahezi 76 na zisizofika 108, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Tunaunganishiwa kile kifaa cha kushusha masafa, na kikiwa cha kushusha 20, Citizen iliyo 106.7 husomeka 86.7. Tumeyazoea hayo kiasi kwamba hakuna anayeona ajabu.

Tukapima kwa kutumia redio yenyewe. Kwa FM, vituo vya Nairobi vilikuwa rula yangu: nilibandika karatasi mahali pa uso, nikazungusha hadi Radio Taifa 92.9, nikatia alama, Capital 98.4, alama, Kiss 100.3, alama, Kameme 101.1, alama. Kwa masafa ya kati fundi alitumia chombo chake cha kutoa mawimbi, maana namba 55 pale ni kilohezi 550, na 160 ni kilohezi 1600. Alama zote zikalingana na namba zilizosalia kwenye plastiki, ndipo nikaamini.

Uchapaji nao ulinitoa kwenye mashine yangu. Herufi ndogo kama zile plota huzirarua, na printa ya kawaida haina wino mweupe. Nikarudi kwa skrini ya hariri, ile ya wachapaji wa fulana, yenye matundu madogo kabisa. Namba nilizigeuza kama kwenye kioo ili zisomeke kutoka mbele, na wino niliupitisha mara moja tu. Sindano niliipaka rangi nyekundu ya kucha niliyoomba kwa mke wangu.

Uso wa FM unaishia 104, kama redio nyingi za Ulaya za wakati ule; mpango wa kufikisha vituo hadi 108 ulikubaliwa Geneva mwaka 1984. Nilimuuliza mzee kama niongeze namba hadi 108, ili Citizen ipate mahali.

"Sindano itafika?"

"Haitafika."

"Basi ya nini?"

Nilitarajia anisimulie habari za Sauti ya Kenya na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, kwamba redio ile ndiyo aliyoisikiliza njiani. Hakusimulia. Aliwasha, akazungusha hadi 92.9, akatazama sindano ilipo, akanilipa.

Matatu bado nazichora, ndizo zinazolipa karo. Lakini siku hizi mteja akiniletea uso wa saa, wa mita ya mwendo au wa redio, swali langu la kwanza ni namba hii inapima nini, na nisipopata jibu siichapi. Mmoja alitaka mita yake isome hadi 240 kwenye gari ambalo mita yake iliishia 160. Alienda kwingine.

Nawe mwenye gari la zamani, usiruhusu mtu aguse nyuma ya uso wa redio kwa petroli, spiriti au dawa ya madirisha yenye amonia. Kabla hata ya kupangusa vumbi, ipige picha ikitazamwa moja kwa moja, rula ikiwa kando yake. Namba zikifutika, picha hiyo ndiyo itakayozirudisha mahali pake.