Kadi Iliyokataa Kusomwa

Akiba haiozi, hunena wahenga. Hata hivyo, mwaka 2022 niliiona akiba ambayo haikuoza, lakini pia haikufikika.

Nilikuwa nimetoka Siyu, kisiwani Pate, kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili. Bibi mmoja mkongwe alinighania utenzi aliorithishwa na mamaye, nami nikamnasa sauti kwa rununu. Alipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, maneno haya yatakaa humo?" Nikamjibu kwa yakini, "Yatakaa, Bibi." Miezi miwili baadaye nikapata habari kwamba ameitikia wito wa Mola. Rununu ilikuwa imekwisha kuharibika, na kwa uzembe wangu sikuwa nimenakili chochote. Kilichosalia ni kadi yake ndogo ya kumbukumbu.

Niliitia kadi hiyo ndani ya adapta, nikaichomeka kwenye tarakilishi kuukuu niliyoazimwa. Kimya. Nikaichomoa, nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikakisogeza kile kitufe cha ubavuni. Kumbe kitufe hicho huzuia kuandika tu, hakizuii kusoma! Mara ya tatu skrini ikatoa swali: diski hii haijafomatiwa, je, ungependa kuifomati sasa?

"Bonyeza ndiyo, ndugu yangu, itafunguka," akanihimiza mwenzangu.

Kidole kilikuwa tayari. Nikalikumbuka swali la Bibi, nikabonyeza la.

Fundi niliyemwendea alinifafanulia kwamba adapta haina akili yoyote. Ni nyaya tu zinazoiunganisha kadi ndogo na tundu kubwa. Tatizo lilikuwa kisomaji cha tarakilishi ile. Kadi za SD za awali huhesabu mahali pa data kwa baiti moja moja. Kadi za SDHC, zilizoanzishwa mwaka 2006 na ambazo huzidi gigabaiti 2 hadi kufikia 32, huhesabu kwa mafungu ya baiti 512. Yangu ilikuwa ya gigabaiti 8.

Sisi wanafunzi wa ushairi tutalielewa jambo hili upesi. Ni kama mtu aliyezoea kuhesabu mizani, akapewa utenzi uliopangwa kwa hesabu ya beti. Hapati anachokitafuta, kisha anatangaza kwamba ukurasa ni mtupu na kuomba ruhusa ya kuufuta. Naam, ni mara ngapi tumeihukumu kazi kuwa haina kitu, ilhali upungufu ulikuwa wa msomaji?

Fundi alichomeka kisomaji kipya kwenye tundu la USB. Faili zikajitokeza, zote salama. Nikaisikiliza sauti ya Bibi hadi ubeti wa mwisho, kisha likafuata swali lake, na baada yake jibu langu la haraka.

Siku hizi, kabla ya kumwambia mtu "yatakaa", huanza kwa kunakili mara mbili.